Uchambuzi wa kisa: maumivu ya mfupa yalitulia, ngozi ikaungua

Kisa hiki kinahusu saratani iliyosambaa kwenye mfupa wa nyonga na kutibiwa kwa ultrasaundi yenye nguvu kubwa, mawimbi yakiongozwa kwa picha za MRI. Maumivu yalipungua kama ilivyokusudiwa. Hata hivyo mgonjwa alitoka na jeraha la kuungua ambalo hakuna chombo chumbani kilichoonya kwamba lilikuwa linatokea, na ramani ya joto iliyokuwa kwenye skrini ilionyesha tiba salama mwanzo hadi mwisho. Umri, kituo, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa vimeondolewa.

Mgonjwa na tatizo lake

Mgonjwa alikuwa mtu mzima mwenye saratani ya titi iliyokwisha kuingia kwenye mifupa. Mahali pengine ugonjwa ulikuwa umetulizwa na dawa. Kilichomnyima usingizi ni sehemu moja tu: bawa la mfupa wa nyonga upande wa kulia, kwa nyuma, karibu na unapoungana na uti wa mgongo. Alipoulizwa maumivu makali zaidi ya saa 24 zilizopita kwa kipimo cha 0 hadi 10, alitaja 7. Alikuwa anameza morfini miligramu 60 kwa siku na bado hakuweza kukaa kitini muda mrefu.

Mionzi ilikuwa imeshatumika mara mbili mahali hapohapo: kwanza grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa mkupuo mmoja, kisha, maumivu yaliporudi, grei 20 kwa mikupuo mitano. Kila mara nafuu ilipatikana ikapotea. Mara ya tatu ingewezekana kwenye karatasi, lakini utumbo na neva zilizo jirani zilikwisha kupokea sehemu kubwa ya kipimo kinachovumilika, na daktari wa mionzi hakuwa radhi.

Picha za CT zilionyesha uvimbe wa sentimita 4.5 kwa 3. Upande wa nje, ambao mawimbi yangeufikia kupitia tako, ganda gumu la mfupa lilikuwa zima kwa sehemu kubwa. Kuelekea kwenye kiungo cha mgongo ganda lilikuwa limeliwa, limebaki jembamba chini ya milimita 2. Kikombe cha kiungo cha paja kilikuwa salama, hivyo hapakuwa na hofu ya mfupa kuvunjika kwa uzito wa mwili. Hili lazima liulizwe mwanzo kabisa, kwa sababu joto halikazi mfupa uliooza. Mfupa unaobeba uzito na ulio karibu kuvunjika unahitaji chuma au saruji ya mifupa kwanza.

Uchunguzi wa ngozi ulionyesha jambo moja zaidi. Juu ya ukingo wa nyonga palikuwa na kovu la operesheni ya zamani, urefu wa sentimita 4, limeshikamana na mafuta ya chini yake. Liliandikwa kwenye faili na kuchorwa kwa kalamu ya ngozi.

Kwa nini ultrasaundi, na kwa nini mfupani

Mawimbi ya megahezi 1 yakipita kwenye misuli hupoteza takriban desibeli 0.5 hadi 1 kwa kila sentimita. Kwenye ganda gumu la mfupa upotevu huo ni mara nyingi zaidi, na sehemu kubwa yake hugeuka joto palepale kwenye uso wa mfupa. Hapo ndipo ulipo utando unaofunika mfupa, wenye nyuzi za neva zinazopeleka taarifa ya maumivu. Ukiuunguza utando, maumivu hupungua hata kama uvimbe ndani ya mfupa haujaisha. Kwa hiyo lengo la tiba hii kwa mgonjwa huyu lilikuwa kutuliza, na ndivyo alivyoelezwa kabla ya kutia saini.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha njia hii kwa maumivu ya saratani ya mfupa mwaka 2012. Utafiti wa kulinganisha uliochapishwa mwaka 2014 ulikuwa na wagonjwa 147, ambao 112 walipata tiba halisi na 35 tiba ya kuigiza. Baada ya miezi 3 asilimia 64.3 ya waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 20 ya wenzao. Kero iliyotajwa zaidi ilikuwa maumivu wakati mawimbi yanapowashwa. Kero hiyo ina nafasi yake katika kisa hiki, kwa sababu ndiyo iliyoifanya timu ichague ganzi ya uti wa mgongo.

Wazo la kutumia ultrasaundi ya kupasua tishu kwa viputo, ambayo mwaka 2023 ilipata kibali cha Marekani kwa uvimbe wa ini, lilitajwa kwenye kikao cha wataalamu likaachwa. Njia hiyo inategemea mawimbi kufika ndani ya tishu laini bila kizuizi. Mfupa ndio kizuizi chenyewe.

Vifaa na mpango

Transdusa, yaani chombo kinachotoa mawimbi, ilikuwa ndani ya meza ya MRI, chini ya mgonjwa, ikielea kwenye maji. Kipenyo chake sentimita 12, umbali hadi kwenye kitovu, yaani mahali mawimbi yanapokutana, sentimita 16, masafa megahezi 1. Imegawanywa vipande vidogo vingi, kila kimoja kikicheleweshwa kwa muda wake, ili kitovu kiweze kusogezwa kidogo bila kusogeza transdusa yenyewe. Maji yaliondolewa gesi hadi oksijeni iliyoyeyuka ikawa chini ya miligramu 4 kwa lita, na yakapozwa. Maji ya bomba yasiyoshughulikiwa hutoa viputo mara nguvu inapopanda, na kiputo kimoja kikikaa kwenye njia ya mawimbi hugeuka kioo: karibu mawimbi yote yanayokigonga hurudi yalikotoka.

Mfupa ulikuwa sentimita 6 chini ya ngozi. Kati yake, sentimita 2.2 zilikuwa mafuta na zilizobaki misuli. Kwa upotevu wa desibeli 0.5 kwa sentimita, sentimita 6 hupunguza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu inayoingia ndiyo inayofika mfupani. Nusu nyingine haipotei hewani. Inabaki njiani kama joto, na sehemu yake inabaki kwenye mafuta.

Kitovu hakikuwekwa juu ya mfupa. Kiliwekwa sentimita 1 nyuma ya ganda la nje, ili koni ya mawimbi ilipogusa mfupa iwe bado na upana wa milimita 7.5. Hii ni desturi nzuri ya mifupa: mchomo mmoja unaunguza eneo pana zaidi, na nguvu inayohitajika kwa eneo lote inapungua. (Hapa “mchomo” ni kipindi kimoja cha kuwasha mawimbi.) Gharama yake ni kwamba ndani ya mfupa, pale ganda linapokuwa jembamba, mawimbi yanaweza kupenya na kwenda kujikusanya mbele. Mbele ya mahali hapo pana shina la neva linaloshuka kuungana na neva ya siatiki, neva kuu ya mguu. Timu ikaweka mpaka: hakuna mchomo ndani ya sentimita 1 kutoka kwenye neva hiyo. Uamuzi huo uliacha ukanda mwembamba wa uvimbe bila kutibiwa, na mgonjwa aliambiwa.

Kuhusu kovu, transdusa iliinamishwa nyuzi 12 ili koni ipite kando yake. Kwenye mpango koni ilipita milimita 9 kutoka kwenye mstari wa kalamu. Michomo 17 ilipangwa kwa makundi mawili: 8 kwenye ganda nene, 9 kuelekea kwenye ganda jembamba. Kila mchomo sekunde 20, mapumziko sekunde 90.

Siku ya tiba

Nywele zilinyolewa, ngozi ikapanguswa kwa pombe, pedi ya jeli ikapakwa maji yaliyoondolewa gesi na mgonjwa akalazwa kwa mshazari juu yake. Picha za mwanzo zilitafuta doa jeusi kati ya ngozi na pedi, dalili ya hewa. Halikuonekana.

Michomo ya majaribio ilianza kwa wati 15. Kazi yake ni kuonyesha joto linatokea wapi, kwa kuwa mawimbi hupinda kidogo yanapotoka kwenye maji kuingia kwenye mafuta, ambamo sauti husafiri takriban mita 1,450 kwa sekunde, na kisha kwenye misuli, ambamo husafiri kwa kasi zaidi. Doa la joto lilionekana limehama milimita 3. Likasahihishwa, likapimwa tena kwenye picha za pande mbili.

Kundi la kwanza lilikwenda vizuri. Wati 40 kwa sekunde 20, yaani jouli 800 kwa kila mchomo. Kwenye ukanda wa misuli uliogusa mfupa ramani ilisoma kati ya nyuzi joto 60 na 65 za Selsiasi. Mfupa wenyewe haukusomeka, kwa kuwa ganda gumu halitoi ishara ya kutosha kwenye MRI ya kawaida. Joto lake hukisiwa kutokana na misuli jirani, na huwa juu zaidi ya kinachosomwa.

Baada ya mchomo wa 8 mgonjwa, ambaye alikuwa macho, alikohoa kwa nguvu. Picha mpya zilionyesha mfupa umehama milimita 8. Mpango ukalinganishwa upya na mfupa, mahali pa neva pakathibitishwa, kazi ikaendelea.

Kundi la pili lilikuwa na shida. Kwa wati 40 misuli ilifika nyuzi joto 54 tu. Ganda lilikuwa jembamba, lilifyonza kidogo. Timu ikapandisha hadi wati 50, jouli 1,000 kwa mchomo, na joto likafika 60. Wakati huohuo daktari wa ganzi alitoa taarifa kwamba ganzi ingeanza kuisha chini ya nusu saa. Mapumziko yakapunguzwa kutoka sekunde 90 hadi 60. Michomo 9 ikakamilika, yote ikiwa na ramani safi.

Picha za mwisho baada ya sindano ya gadolinia, dawa inayoonyesha damu inapofika kwenye MRI, zilionyesha ukanda mweusi usiopitisha damu kando ya uso wa mfupa, unaolingana na eneo lililopangwa. Neva haikuguswa. Mgonjwa alipoinuliwa, ngozi ilionekana nyekundu kidogo, na wekundu wa kulalia pedi kwa saa mbili ni jambo la kawaida. Ikaandikwa hivyo.

Maamuzi na hoja zake

Uamuzi wa ganzi ya uti wa mgongo ulikuwa na sababu nzuri: kuunguza utando wa mfupa kunauma sana, na mgonjwa anayeruka kwa maumivu anahamisha kitovu. Njia mbadala ilikuwa dawa ya usingizi mwepesi pamoja na kitufe cha kusimamisha mkononi mwa mgonjwa. Timu ilipima utulivu dhidi ya kitufe, ikachagua utulivu.

Kupandisha nguvu kulikuwa ndani ya kikomo cha mashine. Kupunguza mapumziko pia kulikuwa ndani ya kikomo. Kulinganisha upya kwa mfupa baada ya kikohozi kulifuata utaratibu ulioandikwa. Ukichukua kila uamuzi peke yake, mtaalamu mwenye uzoefu angeupitisha. Wala hapakuwa na mtu aliyekaidi kanuni.

Matokeo

Asubuhi iliyofuata palikuwa na lengelenge la sentimita 3 kwa 1.5 lililofuata sura ya kovu, na chini yake mafuta yaliyokakamaa kama kidonge kigumu. Lilikuwa jeraha la kiwango cha pili. Lilifungwa kwa bandeji isiyogandana na jeraha, likasafishwa kila baada ya siku mbili, likapona bila kupandikizwa ngozi katika wiki ya tano. Ugumu wa mafuta ulibaki kwa miezi.

Maumivu ya mfupa yaliongezeka kwa siku tatu za kwanza, jambo la kawaida kwa tiba hii, kisha yakashuka: 4 baada ya wiki moja, 3 baada ya miezi 3. Morfini ilipungua kutoka miligramu 60 hadi 30. Kwa vigezo vya kimataifa vya maumivu ya mfupa, kushuka kwa pointi 2 au zaidi bila kuongeza dawa kunahesabika kuwa nafuu ya sehemu, na mgonjwa huyu alivuka kigezo hicho kwa pande zote mbili. Maumivu yaliyobaki aliyaonyesha kwa kidole kimoja, juu ya ule ukanda ulioachwa kwa ajili ya neva.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kupima nafuu kwa maumivu na dawa pamoja ni jambo la kusifiwa, kwa sababu mgonjwa akiongezewa morfini kimyakimya namba ya maumivu hushuka na tiba inapewa sifa isiyo yake. Mpaka wa sentimita 1 kutoka kwenye neva ulimgharimu mgonjwa maumivu ya 3, lakini mguu uliopooza kwa kuungua neva ni hasara ya maisha. Hapo hakuna la kujadili sana.

Michomo ya majaribio nayo ilijilipa. Kosa la milimita 3 lililoonekana kwa wati 15 lingesogeza eneo lote la tiba kama lisingesahihishwa.

Uchambuzi: ramani ilikuwa inaona nini

Ili kuelewa jeraha ni lazima kujua ramani ya joto inatengenezwaje. Hidrojeni ya maji huzunguka kwa masafa yanayobadilika na joto: masafa hayo hushuka kwa sehemu 0.01 kwa kila milioni kwa kila nyuzi joto moja, kwa sababu vifungo vinavyoshikanisha molekuli za maji hulegea zinapopata joto. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 masafa ni takriban megahezi 64, hivyo nyuzi joto moja ni hezi 0.64. Mashine ikisoma mwangwi baada ya milisekunde 20, awamu ya ishara (mahali ilipofikia kwenye mzunguko wake) inakuwa imezunguka digrii 4.6. Ni mabadiliko madogo, ila yanapimika vizuri, na sumaku yenyewe ikihama kwa sehemu 0.05 tu kwa milioni ramani itasoma nyuzi joto 5 ambazo hazipo. Ndiyo maana programu hutumia eneo lisilopashwa joto kama rejea.

Sasa, hidrojeni ya mafuta haimo kwenye vifungo vile. Mafuta yakipata joto masafa yake karibu hayabadiliki. Ramani inayosema misuli iko nyuzi 60 haisemi lolote kuhusu sentimita 2.2 za mafuta zilizo juu yake. Sehemu hiyo hufunikwa na programu au huonekana kama kelele tupu. Ngozi, yenye unene wa milimita 2 hivi, haijazi hata nusu ya kipande cha picha chenye unene wa milimita 5. Kwa hiyo “ramani safi” ya kundi la pili ilikuwa ripoti kuhusu misuli. Waliokuwa wakiitazama waliisoma kama ripoti kuhusu mgonjwa mzima, na hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki.

Uchambuzi: joto lilijikusanyaje

Hesabu ifuatayo ni ya kukadiria. Inachukulia kwamba koni za michomo yote 9 zilipishana kikamilifu kwenye ngozi, jambo ambalo kwa kundi lililobanana namna ile liko karibu na ukweli.

Kitovu kikiwa sentimita 7 chini ya ngozi, koni ina kipenyo cha sentimita 5.25 kwenye ngozi, yaani eneo la sentimita za mraba 21.6. Wati 50 zikigawanywa humo ni wati 2.3 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa ufyonzaji wa kawaida wa mafuta, mchomo wa sekunde 20 huyapandisha nyuzi joto 2.5. Mtu akiona namba hiyo peke yake hashtuki.

Shida ni kupoa. Mafuta hayana damu nyingi na hupitisha joto polepole. Joto lililoenea sentimita 1 huchukua takriban sekunde 260 kushuka hadi zaidi kidogo ya theluthi moja. Misuli hufanya hivyo kwa takriban sekunde 190 hata kabla ya kuhesabu damu. Mchomo ukirudiwa kila baada ya sekunde 80, yaani 20 za kuwasha na 60 za kupumzika, karibu asilimia 74 ya joto la awali bado lipo mchomo mwingine unapoanza. Kufika mchomo wa 9 nyongeza imefika nyuzi joto 9. Mafuta yaliyoanza kwenye nyuzi 33, yakipozwa na maji, yanafika 42. Hapo bado ni salama.

Weka kovu ndani ya koni. Tishu ya kovu ni ya nyuzinyuzi, hufyonza zaidi ya mafuta. Tukichukua mara mbili tu, nyongeza inakuwa nyuzi joto 18 na joto linafika 51. Kwa kipimo cha joto kilichopendekezwa na watafiti Sapareto na Dewey mwaka 1984, kila nyuzi joto moja juu ya 43 hukata kwa nusu muda unaohitajika kuleta madhara yaleyale. Dakika moja kwenye 51 ni sawa na dakika 256 kwenye 43, na 240 ndicho kiwango kinachotumika sana kuhesabu tishu kuwa imekufa.

Rudisha mapumziko ya sekunde 90 kwenye hesabu hiyohiyo na kovu linaishia karibu nyuzi 47, ambako kufikia 240 kunahitaji dakika 15. Rudisha na wati 40, linaishia chini ya 45. Ondoa kovu, hakuna linalotokea. Jeraha lilihitaji mambo matatu yakutane: nguvu kupanda, mapumziko kupungua, kovu kuingia kwenye njia.

Uchambuzi: kovu liliingiaje

Mpango ulilipa kovu nafasi ya milimita 9. Mgonjwa alipokohoa mfupa ulihama milimita 8, na mpango ukaufuata. Lakini ngozi iliyogandamizwa kwenye pedi haikuhama pamoja na mfupa; iling’ang’ania jeli, na mfupa ukateleza juu yake. Transdusa ilipofuata mfupa iliisogeza koni milimita 8 juu ya ngozi iliyobaki palepale. Nafasi ya 9 ikawa 1, ndogo mno kuliweka kovu nje ya joto la koni.

Hakuna aliyeliona hilo kwa kuwa alama ya kovu ilikuwa ya kalamu. Kalamu haionekani kwenye MRI. Kovu lilikuwepo kwenye faili, kwenye ngozi na kwenye kumbukumbu za watu, ila halikuwepo kwenye picha ambayo maamuzi yalifanywa juu yake.

Chombo cha mwisho ambacho kingeweza kuonya kilikuwa mgonjwa. Mtu mwenye hisia kamili za ngozi angelalamika mapema, kwenye nyuzi 45 hivi, muda mrefu kabla ya lengelenge. Ganzi ya uti wa mgongo ilinyamazisha mfupa na ngozi kwa pamoja. Ganzi hiyo bado ni chaguo halali. Anayeichagua anapaswa kujua kwamba ameondoa kipimajoto pekee cha ngozi kilichokuwa chumbani, na atafute kingine cha kuweka mahali pake.

Yaliyobadilishwa kwenye utaratibu

Kovu lolote ndani ya sentimita 3 kutoka kwenye koni sasa hubandikwa alama inayoonekana kwenye MRI, na baada ya mgonjwa kusogea picha hulinganishwa mara mbili: mara moja kwa mfupa, mara moja kwa ngozi. Nafasi kati ya koni na kovu ikiwa chini ya milimita 5, kazi inasimama hadi transdusa iinamishwe upya.

Mpangilio wa michomo umebadilika pia. Badala ya kwenda hatua kwa hatua kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, mchomo unaofuata huwekwa mbali na uliotangulia, ili koni zinazofuatana zisipishane kwenye mafuta. Michomo inayopishana kwa zaidi ya nusu haikaribiani chini ya dakika 3. Muda wa tiba umerefuka, na daktari wa ganzi huambiwa muda huo halisi kabla ya kuchagua dawa. Pale mahali pa ugonjwa panaporuhusu, ganzi ya neva husika pamoja na usingizi mwepesi hutangulia kuzingatiwa, kitufe cha kusimamisha kikibaki mkononi mwa mgonjwa.

Kwa mafuta yenyewe, kati ya makundi ya michomo hupigwa picha ya T2 (muda ambao ishara ya MRI huchukua kufifia), kwa sababu T2 ya mafuta hurefuka joto linapopanda. Si ya haraka kama ramani ya awamu wala haifai wakati mchomo unaendelea, ila inatosha kujibu swali la kama mafuta yamerudi kwenye hali ya mwanzo kabla ya kuendelea. Na nguvu ikipandishwa, mapumziko hurefushwa kwa uwiano uleule au zaidi. Programu haimlazimishi mtu kufanya hivyo, kwa hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya ukaguzi na husomwa kwa sauti.

Mgonjwa aliporudi baada ya miezi 3 aliulizwa kama angetaka ukanda uliobaki utibiwe. Kwenye CT mpya ganda la sehemu hiyo lilikuwa bado jembamba na neva iko palepale, hivyo timu haikupendekeza ultrasaundi. Alielekezwa kwa ajili ya sindano ya kuzuia neva.